Saa 11 na saa 14: saa za kazi za dereva wa lori Marekani

Kwa dereva wa lori la mizigo Marekani, "saa za kazi" si hesabu ya mshahara. Ni kikomo kilichowekwa na FMCSA, mamlaka ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori na mabasi ya biashara. Ukishapumzika saa 10 mfululizo, unaruhusiwa kuendesha saa 11, nazo ziishe ndani ya saa 14 tangu uanze kazi. Kwa aliyezoea Kenya, ambako kifungu cha 66A cha Sheria ya Trafiki kinatoa saa 8 tu katika kila saa 24, hizo 11 ni nyingi.

Wengi hujikwaa kwenye 14. Saa 11 hupungua unapoendesha tu. Saa 14 zikishaanza zinakwenda, uwe unakula, unajaza dizeli au unangoja mzigo. Tuseme umeanza saa 12:00 asubuhi. Nusu saa unakagua breki, tairi na taa, kisha ghalani unasubiri kupakiwa saa nne nzima. Unatoka saa 4:30, na mwisho wako ni saa 2:00 usiku. Zimebaki saa 9 na nusu. Toa nusu saa ya mapumziko, ambayo ni lazima ukishaendesha saa 8, unabaki na 9. Ghala limekula saa mbili zako, na kama unalipwa kwa maili, hasara ni yako. Hapo ndipo mtu anaposhawishika kukanyaga mafuta.

Nafuu halali ipo: kugawa mapumziko. Angalau saa 7 ulale kwenye kitanda cha lori, na kipande kingine kisipungue saa 2, jumla zitimie 10. Vipande hivyo havihesabiwi kwenye 14. Ila uwe umeachiwa kazi kweli; ukiitwa kusogeza lori mlangoni, kipande kimeharibika.

Juu ya yote kuna kikomo cha saa 70 za kazi kwa siku 8. Ukipumzika saa 34 mfululizo, hesabu inaanza upya.

Tangu Desemba 2017 hesabu hii hutunzwa na ELD, kifaa kinachounganishwa na injini. Lori likifika maili 5 kwa saa, kinaandika chenyewe kwamba unaendesha. Daftari la kuandika kwa mkono lililotumika kabla yake lilikuwa rahisi kuchezewa. Mkaguzi akikukuta umezidisha saa 11 au 14, unaegesha hapo mpaka utimize saa 10 za kupumzika, hata kama mteja anangoja maili 20 mbele.

Mabasi yana hesabu yake: kuendesha saa 10 baada ya kupumzika 8, na kikomo cha saa 15 za kazi, ambacho husimama dereva anapotoka kazini.