Uzunguni, Kilimani na Area D: jinsi Dodoma ilivyopata mitaa yake ya kifahari

Watumishi wanaohamia Dodoma kutoka Dar es Salaam, wakishajua kwamba kazi yangu ni mipangomiji, huniuliza swali moja: ushuani kwa huku ni wapi? Hutarajia niwatajie mahali panapofanana na Masaki, penye maghorofa na upepo wa bahari. Ninapowapeleka Uzunguni au Kilimani hunyamaza kidogo, kwa sababu wanachokiona ni nyumba za chini, nyingine zikiwa na bati lililopauka, barabara tulivu na miti mikubwa. Kisha wakitajiwa kodi hushangaa. Ninachowaeleza ni kwamba thamani ya mitaa hii haimo katika majengo yake. Imo katika nafasi iliyoachwa kati ya nyumba na nyumba, na nafasi hiyo ilipimwa na Serikali, ikagawiwa na Serikali, na kwa muda mrefu ikakaliwa na watu wa Serikali.

Kabla ya reli hapa palikuwa nchi ya Wagogo, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, waliojenga matembe yenye paa bapa la udongo. Reli ya Kati ya Wajerumani ilifika mwaka 1910, na mji ukaanza kukua kuzunguka stesheni. Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza waliifanya Dodoma makao makuu ya Jimbo la Kati, na utawala wao ukaupa mji sura ya mafungu matatu ambayo kila aliyekulia katika mji wa zamani wa nchi hii anaijua: Uzunguni, Uhindini, na mitaa ya Waafrika kama Majengo. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa nchi ya dhamana, yaani Waingereza waliisimamia kwa niaba ya Shirikisho la Mataifa, watawala hawakutaka kuandika waziwazi kwamba Mwafrika haruhusiwi kuishi Uzunguni. Kanuni zilitaja aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa katika kila eneo. Matokeo yalikuwa yale yale, maana mshahara wa karani au mpagazi wa stesheni usingeweza kujenga nyumba ya namna hiyo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu alama yake bado imo katika lugha yetu ya kazi: tunapozungumza leo juu ya viwanja vya ujazo mdogo (vikubwa, vyenye nyumba chache), wa kati na mkubwa (vidogo, vyenye nyumba zilizobanana), tunatumia ngazi tatu zilizorithi mafungu yale matatu, ila kigezo sasa ni ukubwa wa kiwanja na si aina ya mtu.

Ipo nyumba moja ya kota ya zamani ambayo nimeipima mara mbili, nami naitumia kuwafundishia vijana wanaokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo. Yenyewe si kubwa: vyumba vitatu, dari iliyoinuliwa sana ili hewa ya moto ipande, na baraza pana la mbele lenye wavu wa kuzuia mbu. Imerudishwa nyuma hatua thelathini hivi kutoka barabarani, na katikati kuna ua wa michongoma, mjakaranda mmoja na njia ya gari ya changarawe. Nyuma kabisa kuna kibanda cha mtumishi ambacho mlango wake umeelekezwa upande wa pili, ili wenye nyumba wasimwone akiingia na kutoka. Pembeni, chini ya mfereji wa paa, lipo tangi la zege la kukingia maji ya mvua. Hakuna kipimo hapo kilichowekwa bila sababu. Umbali wa nyumba na nyumba ulitokana kwa sehemu na imani ya kitabibu ya enzi hizo kwamba kumtenga Mzungu na makazi ya Waafrika kungempunguzia malaria. Tangi nalo lilitokana na hali ya nchi yenyewe, kwa kuwa Dodoma hupata mvua isiyofika milimita 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili.

Kisichoonekana Uzunguni ni duka. Mchoraji wa mtaa alidhani kwamba mwenye nyumba hatanunua chumvi kwa miguu yake. Mtumishi angetumwa Uhindini. Hadi sasa dada wa kazi wa mitaa hii huenda Soko la Majengo au husubiri mama mwenye genge dogo la mboga chini ya mwarobaini kwenye kona, genge ambalo halimo katika mchoro wowote na ambalo mimi, kwa heshima yote ya taaluma yangu, naliona kuwa sehemu yenye uhai kuliko zote mtaani hapo.

Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wote tunaiita CDA. Mpango Kabambe wa kwanza, uliochorwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto nchini Kanada, ulikamilika mwaka 1976. Ukiusoma utaona kwamba haukukusudia kuzaa ushuani mpya. Ulitaka mji wa jumuiya zilizounganishwa kwa njia za miguu, baiskeli na mabasi, mji unaolingana na siasa ya Ujamaa, usiotanguliza magari ya watu binafsi. Hata hivyo, mji wa makao makuu unahitaji makazi ya viongozi, na viongozi walihitaji viwanja vyenye utulivu na usalama, kwa hiyo ujazo mdogo ulirudi kwa mlango mwingine. Kilimani ikaendeleza tabia ya Uzunguni, na ndiko yaliko makazi rasmi ya Makamu wa Rais. Makazi ya Waziri Mkuu yako Mlimwa. Maeneo mengine yalipewa herufi za ramani, Area A, Area C, Area D, na herufi zile za mezani zikabaki kuwa majina ya mitaa. Mtu anaposema anakaa Area D hasemi habari ya utajiri moja kwa moja. Anasema habari ya kazi yake, au ya mtu aliyempangisha.

Hapo ndipo Dodoma inapotofautiana na miji ya biashara. Mwanza au Arusha mtu hupata fedha kwanza, kisha hununua kiwanja kizuri. Hapa, kwa vizazi viwili au vitatu, mtu alipata cheo, cheo kikaja na nyumba, na cheo kilipokwisha nyumba ilirudi. Ndiyo maana bustani nyingi za zamani zilikuwa na miti mikubwa lakini kuta zisizopakwa rangi: hakuna aliyekuwa mwenyeji wa kudumu. Umiliki wenyewe ulikuwa na mpaka, kwa sababu hati za CDA zilitolewa kwa miaka 33 wakati sehemu nyingine za nchi mtu aliweza kupata hadi miaka 99. Kuanzia mwaka 2002 Serikali iliuza nyumba zake nyingi nchini kwa watumishi waliokuwa wakizikalia, na aliyekuwa mkaazi akawa mwenye mali. Bunge nalo, lililokuwa limehamia huku tangu miaka ya 1990, lilikwisha kuzalisha soko la kupangisha linalopanda wakati wa Bunge la Bajeti, kuanzia Aprili hadi Juni.

Uamuzi wa mwaka 2016 wa kuihamishia Serikali yote Dodoma ndio uliobadilisha kila kitu kwa haraka. CDA ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakaenda halmashauri, na njia ya hati za miaka 99 ikafunguliwa. Aprili 2018 Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 iliwahesabu 765,179. Kiwanja kikubwa chenye nyumba moja ndogo katikati, karibu na mjini, kwa idadi hiyo kinageuka kuwa kishawishi.

Mwaka jana nilikwenda kwenye kiwanja kimoja kilichokuwa kinaombewa mgawanyo. Mpima aliyenitangulia alikuwa ameshachimbia bikoni mpya, yaani alama za saruji za mipaka ya viwanja, saruji yake bado ikiwa na unyevu, na moja ilikuwa imeingia katikati ya mizizi ya mzabibu wa zamani uliotambaa juu ya chanja nyuma ya nyumba. Kiwanja kimoja kilikuwa kinakuwa vinne. Kwenye mchoro kila kipande kilikuwa na nyumba, geti la chuma, maegesho ya magari matatu na ukuta mrefu, na eneo lote lililobaki lilitandazwa matofali ya zege. Sikupinga mgawanyo wenyewe, maana mji unaopungukiwa nyumba hauwezi kutetea kota moja kwenye ardhi ya familia nne. Nilipinga matofali. Ardhi ya Dodoma hupokea mvua yake kwa vishindo vichache, na bustani za ujazo mdogo ndizo zilizokuwa zikinywa maji hayo polepole. Zikifunikwa, maji ya Kilimani yanashuka yote kwa mara moja kuelekea mitaa iliyo chini, ambako nyumba zimebanana na mitaro ni michache. Halafu ifikapo Agosti, wakati wa mgao, wenye kuta ndefu wanapanga simtanki tatu tatu kuhifadhi maji yanayovutwa kutoka visima vya Mzakwe.

Nilichoomba katika maoni yangu ya maandishi ni mambo mawili: theluthi moja ya kila kipande ibaki udongo, na mstari wa nyumba urudishwe nyuma kutoka barabarani kama ulivyokuwa, ili ule mjakaranda ulio mbele usikatwe. Mwenye kiwanja, mzee mstaafu aliyeinunua nyumba ile baada ya kuikalia kwa miaka mingi, aliisoma karatasi akiwa amesimama barazani, akaikunja, akaniuliza kama bikoni ile ya kwenye mzabibu inaweza kusogezwa. Nilimwambia inawezekana, ila mchoro utabidi upimwe upya na gharama itakuwa yake. Akasema, "Basi isogezwe." Tuliisogeza mita moja na nusu.