Makubaliano ya usafiri wa anga kati ya nchi mbili ni nini?

Kutoka Mwanza hadi Entebbe ni kuvuka ziwa tu, lakini kampuni ya ndege haiwezi kuanzisha safari hiyo kwa sababu tu ina ndege na abiria wapo. Mkataba wa Chicago, uliotiwa saini tarehe 7 Desemba 1944, unatamka kwamba kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga iliyo juu ya ardhi yake, na kwamba safari za kimataifa zenye ratiba haziwezi kufanyika bila idhini ya nchi husika. Nchi mbili zinapoketi na kupeana idhini hiyo kwa maandishi, hati inayopatikana ndiyo makubaliano ya usafiri wa anga, ambayo magazeti yetu hupenda kuyaita kwa kifupi BASA, kutokana na jina lake la Kiingereza, Bilateral Air Services Agreement.

Haki zinazotolewa humo huitwa uhuru wa anga, nazo huhesabiwa kwa namba. Uhuru wa kwanza ni kupita juu ya nchi nyingine bila kutua, na wa pili ni kutua kwa ajili ya mafuta au matengenezo pasipo kushusha wala kupakia abiria. Wa tatu na wa nne huenda pamoja: kupeleka abiria kutoka nchi yako hadi nchi ya pili, na kuwarudisha. Ugomvi huanzia kwenye uhuru wa tano, unaoiruhusu ndege ya Tanzania, kwa mfano, kutoka Mwanza, kutua Entebbe, kupakia abiria wapya na kuwapeleka nchi ya tatu, iwapo nchi zote zinazohusika zimeridhia. Mnamo Januari 2024 Tanzania ilitangaza kusitisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, baada ya Kenya kukataa ombi la Air Tanzania la kusafirisha mizigo kutoka Nairobi kwenda nchi nyingine kwa uhuru huo huo. Jambo hilo lilimalizwa kwa mazungumzo ndani ya siku chache, lakini lilionyesha kwamba haki hizi ni mali inayopiganiwa hata na majirani.

Kupanua makubaliano, basi, ni kulegeza vipimo vilivyomo: idadi ya safari kwa wiki, idadi ya kampuni zinazoteuliwa na kila upande, na miji inayoruhusiwa kutua. Wengine huondoa vipimo hivyo karibu vyote, kama Marekani na Uholanzi zilivyofanya mwaka 1992, na hali hiyo huitwa anga huria. Afrika nayo ilikubaliana kuelekea huko kwa Azimio la Yamoussoukro la mwaka 1999, ingawa mwendo wake umekuwa wa kinyonga.

Kwa utalii, kipimo cha miji ndicho kizito kuliko vyote, na kwa maoni yangu ndicho kinachosemwa kidogo mno siku za kutia saini. Kwa kawaida ndege ya kigeni hairuhusiwi kubeba abiria kati ya miji miwili ya nchi nyingine. Hivyo mgeni akiletwa na kampuni ya kwao hadi Dar es Salaam, atanunua tiketi nyingine ya kampuni ya hapa nchini ili afike Mwanza, na wengi hawafanyi hivyo. Hupitia Kilimanjaro na kuingia Serengeti kwa upande wa mashariki, ilhali lango la Ndabaka lipo kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, na visiwa vya Saanane na Rubondo, ambavyo vyote ni hifadhi za taifa, vipo ndani ya ziwa lenyewe.

Hata hivyo, jina la Mwanza likiandikwa kwenye kiambatisho cha makubaliano, ndege hazitakuja siku inayofuata. Makubaliano huruhusu tu. Hayamlazimishi mtu kurusha ndege. Kampuni itataka kiwanja chenye uhamiaji na forodha, na itapiga hesabu ya viti vitakavyojaa kwenda na kurudi. Watalii wana misimu yao, na miezi ya mvua viti hubaki vitupu. Hapo ndipo minofu ya sangara inayouzwa Ulaya inapoingia katika hesabu, kwa kuwa tumbo la ndege ya abiria hubeba mizigo pia, na samaki hasubiri nyumbu wahame.