Huria si bure

Kwenye mlango wa steshenari moja hapa Chake Chake imebandikwa karatasi kwa selotepu: TUNAWEKA PROGRAMU HURIA ZA BURE, 10,000/=. Juzi mwalimu mmoja wa skuli aliisoma mara mbili, akamgeukia kijana wa duka: "Mwanangu, za bure halafu elfu kumi?" Kijana akamjibu kwa adabu kwamba programu ndiyo ya bure, elfu kumi ni ya kazi yake. Jibu halikuwa baya. Mwalimu akatoa laptop yake ya zamani kwenye mkoba, akalipa, akakaa kusubiri.

Kilichoniudhi kilikuja baadaye. Laptop ilipokuwa tayari, mwalimu alifungua mtihani alioupiga chapa skuli, akaukuta umevurugika. Kurasa mbili zimekuwa tatu, na jedwali la swali la 14 limekatika katikati, nusu chini ya ukurasa wa pili na nusu juu ya wa tatu. Kijana akatikisa kichwa: "Ndizo huria hizo, mwalimu. Kitu cha bure utakifanya nini?"

Kauli hiyo nimeshaisikia Chake, nimeisikia Wete, nimeisikia Unguja kwenye semina kutoka kwa mtu aliyekuja kutufundisha. Leo naomba tulitazame neno lenyewe.

Programu huria ni programu ambayo leseni yake inampa kila aliyeipata ruhusa nne: kuitumia kwa kazi yoyote, kuuchunguza msimbo wake, yaani maandishi ya maelekezo yanayoiunda, na kuurekebisha, kuwagawia wengine nakala, na kuwagawia pia ile aliyoirekebisha. Ili hayo yawezekane, msimbo lazima uwe wazi. Basi, maana ni hiyo tu. Bei haimo, ubora haumo, na urahisi wa kutumia haumo.

Sasa neno. "Huru" tumelipata kwa Waarabu, kutoka "hurr", mtu asiyekuwa mtumwa. "Huria" imetoka kwenye "hurriyya", ile hali ya kuwa huru. Visiwani kwetu maneno haya hayakuanzia dukani. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe uliendelea kutambuliwa na sheria mpaka Sultani Hamoud bin Mohammed alipotoa amri ya mwaka 1897. Hata baada ya amri hiyo, mtu alilazimika kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na aliyekuwa akimmiliki akalipwa fidia. Kwa hiyo tangu zamani mtu aliyeitwa huru hakuitwa hivyo kwa kuwa hakuna fedha iliyopita mkononi. Aliitwa huru kwa kuwa hakuna tena mwenye haki ya kumwamuru. Neno linazungumzia amri na ruhusa.

Na tunalijua hilo, kwa sababu kwenye mambo mengine hatukosei. Tangu miaka ya 1980 tunasema "soko huria", na sijamwona mtu aliyekwenda sokoni mkono mtupu akitegemea kupewa samaki kwa kuwa soko ni huria. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, na wanaosoma hapo wanalipa ada kama wanafunzi wa vyuo vingine. Hakuna anayelalamika kwamba kadanganywa na jina. Anajua kuwa huria hapo ni mlango ulio wazi kwa aliye kazini, kwa mama mwenye watoto, kwa anayeishi mbali. Tukifika kwenye kompyuta tu, neno hilohilo linageuka kuwa bure.

Hiki ndicho kinachonikera zaidi, kwa sababu mkanganyiko huu si wetu. Ni wa Kiingereza. Richard Stallman, mwandishi wa programu wa Marekani, alipotangaza mradi wa GNU wa kutengeneza mfumo huria wa kompyuta mwaka 1983 na kuanzisha Free Software Foundation mwaka 1985, alitumia neno "free", ambalo Waingereza wanalitumia kwa maana ya huru na kwa maana ya bure, yote mawili. Miaka nenda miaka rudi akawa na kazi ya kuwafafanulia watu kwamba hazungumzii bei. Mwaka 1998 kundi jingine huko California likachoka na maelezo hayo, na Christine Peterson akapendekeza jina jipya, "open source". Wengine wakaenda kuazima neno "libre" kwa Wafaransa na Wahispania, ndiyo maana ile programu ya kuandikia iliyojitenga na OpenOffice mwaka 2010 inaitwa LibreOffice. Jina lake lenyewe linasema "huru". Watu walihangaika hivyo kwa kuwa lugha yao ina neno moja. Yetu ina mawili, tena yamekaa mbalimbali kabisa, nasi tunayakusanya na kuyafanya moja ili tufanane na ugonjwa wa wenzetu!

Na kuna hasara. "Bure" ya Kiswahili ina nyuso mbili. Nimempa bure, yaani sikumtoza. Nimekwenda bure, yaani nimerudi patupu. Tunasema "bure bilashi", na hiyo bilashi ni Kiarabu cha "bila kitu". Tunasema "mtu bure", na hapo hatuna maana kwamba hana bei. Tuna maana kwamba hafai. Neno hilo ukilibandika kwenye programu, halibandiki uso mmoja. Linakuja na ule wa pili. Ndiyo maana kijana yule aliweza kutoka kwenye "huria" akafika kwenye "haifai" kwa hatua mbili tu, bila hata kuitazama ile faili.

Tuitazame sasa. Nilikuwa nimekaa benchi la nje nikisubiri kopi zangu, nikaomba nione. Kwenye kisanduku cha fonti, yaani mtindo wa herufi, cha LibreOffice jina Calibri lilikuwa limeandikwa kwa herufi za mlalo. Hiyo ni alama: faili inataka Calibri, kompyuta haina Calibri, na programu imeweka fonti nyingine badala yake. Hiyo nyingine ilikuwa pana zaidi. Kila mstari ukapungukiwa na neno moja au mawili, na mwisho wa ukurasa wa pili maswali yakamwagikia wa tatu. Calibri ndiyo fonti iliyokuwa ikija yenyewe kwenye Word tangu toleo la 2007, kwa hiyo nyaraka nyingi za ofisi na skuli zetu zimeandikwa kwayo. Lakini Calibri si huria. Leseni yake haimruhusu mtu mwingine kuigawa pamoja na programu yake. Watu wakatengeneza Carlito, fonti huria ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, a kwa a, b kwa b, ili mistari isihame. Kijana alikuwa ameweka Debian, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, na ili kuokoa bando aliviacha vifurushi vya ziada, Carlito ikiwemo. Tukaiweka kwa intaneti ya simu yangu, tukafunga faili, tukaifungua tena. Kurasa mbili. Jedwali la swali la 14 limekaa zima mahali pake.

Ile kasoro aliyoitupia huria ilitoka mahali ambapo huria haikuwepo. Fonti ilikuwa imefungwa.

Sisemi haya kuzitetea programu huria kwa kila kitu. Nyingi ni ngumu kutumia, na anayekataa hilo hajawahi kumfundisha mtu GIMP, programu huria ya kuhariri picha. Chukua fundi wa picha za pasipoti. Kapiga picha, kaifungua kwenye GIMP, kaisafisha mandhari, anabonyeza kuhifadhi kama alivyozoea, na programu inamkatalia JPEG, ile aina ya faili ya picha inayotumika kila mahali. Tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, amri ya kuhifadhi inatoa faili ya GIMP yenyewe tu, XCF. Ukitaka JPEG unakwenda kwenye amri nyingine, ya kuhamisha. Waandishi wake wana sababu: XCF inatunza tabaka zote za picha na JPEG inazipoteza, hawataki mtu aharibu kazi yake bila kujua. Sababu nzuri kwa mchoraji. Kwa fundi mwenye foleni ya watu sita wanaotaka picha nne kila mmoja, ni adha ya kila siku. Malalamiko yalikuwa mengi, na uamuzi ukabaki.

Ugumu huo una chanzo chake, na chanzo hakihusiani na bei. Programu nyingi za namna hii zimeandikwa na watu waliokuwa wakitatua shida zao wenyewe. GIMP ilianzishwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Aliyeandika anajua kila kitufe kilipo kwa kuwa ndiye aliyekiweka, na mara nyingi hakuna mtu wa kukaa kando ya mtumiaji mgeni, akae kimya, amtazame anavyopotea. Kazi hiyo ni taaluma. Ikifanywa, matokeo yanaonekana.

Mfano wake ni Blender, programu ya michoro ya pande tatu, ambayo nayo inapinga habari ya bure tangu kuzaliwa kwake. Ilikuwa mali ya kampuni, kampuni ikafilisika, na mwaka 2002 wawekezaji wakakubali kuiachia iwe huria kwa sharti la kulipwa yuro 100,000. Ton Roosendaal, aliyeiandika, akawaomba watumiaji wachange, na fedha zikatimia katika wiki saba. Uhuria wake ulinunuliwa, kwa bei iliyotajwa. Kwa miaka mingi ilisifika kwa ugumu: kuchagua kitu tu ulibonyeza kitufe cha kulia cha mausi, kinyume na programu nyingine zote mtu alizozizoea. Toleo la 2.80 la mwaka 2019 likabadilisha hilo na mengine mengi ya mwonekano wake, na watu wakamiminika. Filamu ya katuni kutoka Latvia iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 2025 ilitengenezwa kwa Blender. Huria ni ileile ya 2002. Kilichobadilika ni urahisi, kwa sababu kuna watu walioufanyia kazi.

Kwa hiyo mtu akiniambia programu fulani ni ngumu, ninamsikiliza. Akisema ni ngumu kwa kuwa ni huria, amechanganya mlango na fenicha.

Pamoja na hayo, ruhusa zile nne zina jambo moja zinaloweza kumfanyia mtumiaji aliyechoshwa. Mwaka 2011 mazingira ya GNOME, yaani programu huria inayotengeneza meza, menyu na madirisha ya kompyuta, yalitoa toleo la 3 lililobadilisha karibu kila kitu mezani: menyu waliyoizoea watu ikaondoka, orodha ya madirisha chini ikaondoka, hata kitufe cha kushusha dirisha hakikuonekana tena. Wengi walichukia. Kwenye programu iliyofungwa, ukichukia hivyo unanuna, unazoea. Hawa waliuchukua msimbo wa GNOME 2, wakauendeleza kwa jina la MATE, na mpaka leo mwenye kompyuta kuukuu anaweza kufanya kazi kwenye meza ileile aliyoizoea. Hawakumwomba mtu ruhusa, kwa kuwa walikuwa nayo tayari. Ndivyo ilivyokuwa pia mwaka 2004, watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipotoa Jambo OpenOffice, yenye menyu za Kiswahili. Urahisi wa kwanza kwa mtumiaji ni kuielewa menyu.

Na kinyume chake kipo tele mitaani. WhatsApp hulipii, lakini msimbo wake huuoni wala huruhusiwi kuubadilisha: bure, si huria. Ile Windows aliyokupigia fundi kwa flashi bila leseni umeipata kwa bei ya soda, na haikukupa ruhusa hata moja. Upande wa pili, kampuni ya Red Hat imeishi kwa kuuza huduma za programu huria, na IBM ilipoinunua mwaka 2019 ililipa dola bilioni 34.

Wapo wanaosema "programu huru", na sigombani nao. Wikipedia ya Kiswahili nayo inajiita kamusi elezo huru. Mimi napenda huria, kwa kuwa programu ni kitu, haina haja ya uhuru. Anayepewa uhuru ni yule mwalimu mwenye laptop kuukuu.

Kopi zangu zilipokuwa tayari nilimwita kijana kando, wateja wasisikie. Nikamwambia lile tangazo la mlangoni ni zuri, ila lina maneno mawili ya ziada.

"Yapi, ami?"

"Hayo, 'za bure'. Yatoe. Huria iache, na elfu kumi yako iache."

Aliisoma karatasi kwa sauti akiyaruka hayo mawili, akaona inasomeka. Akachukua makapeni akayafuta. Nikamwomba jambo moja zaidi, kwamba mteja mwingine akija na faili iliyovurugika, kabla hajataja huria aangalie kwanza kama jina la fonti limelala.