Programu inasema data haipo, na faili unaliona limejaa

Programu ya kupanga ugavi ikiandika "hakuna data", usikimbilie kumpigia mtu wa kituo kilichotuma takwimu arudie ripoti. Mara nyingi takwimu zimefika, zikakwama kwenye kuoanisha: mstari wa matumizi unatafutiwa bidhaa na kituo chake kwenye orodha kuu ya programu, hakipatikani kimojawapo, unaachwa. Hesabu mistari ya faili lililotumwa, kisha iliyopokelewa, kisha inayoonekana kwenye mpango. Hesabu inapopungua, hapo ndipo pa kuchimba.

Mimi huanza na msimbo wa bidhaa. Ukifungua faili la CSV (jedwali lililohifadhiwa kama maandishi matupu) kwa kulibofya mara mbili, Excel, hasa matoleo ya zamani, hugeuza 00104512 kuwa 104512 bila kukuuliza, na ukihifadhi, sifuri zimekwenda. Pitia Data, From Text/CSV, uchague Do not detect data types. Halafu pima urefu kwa fomula ya LEN: msimbo wa tarakimu 8 ukileta 9, kuna nafasi isiyoonekana. TRIM huondoa nafasi ya kawaida tu. Ile inayokuja na maandishi yaliyonakiliwa mtandaoni huhitaji =SUBSTITUTE(A2,CHAR(160),""). Na usihakiki kwa COUNTIF, maana kwake 00104512 na 104512 ni kitu kimoja. Tumia MATCH yenye 0 mwishoni, yaani ilingane sawasawa.

Tarehe zina alama yao. Faili la mwezi kwa mwezi huandika 01/05/2025 kwa maana ya tarehe mosi Mei. Programu iliyowekwa kwa mtindo wa Marekani inasoma Januari 5. Matokeo yake miezi yote 12 inarundikana Januari, na Februari hadi Desemba inabaki tupu. Data ya kila siku huharibika kwa namna nyingine: kuanzia tarehe 13 mistari inakataliwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13. Dawa ni kuandika 2025-05-01.

Linalogharimu zaidi ni seli tupu, hasa kwenye dawa. Kituo kimetoa vidonge 600 mwezi wa kwanza, mwezi wa pili hakikuleta ripoti, wa tatu kimetoa 900. Ukiacha seli wazi, wastani ni 750 kwa mwezi. Mtu akijaza sifuri "ili programu inyamaze", unashuka hadi 500. Kwa kiwango cha juu cha akiba ya miezi 4, lengo linatoka 3,000 hadi 2,000, na hakuna ujumbe mwekundu utakaokuonya. Sifuri maana yake dawa ilikuwepo na hakuna aliyeihitaji. Kama dawa iliisha, jaza siku zilizokosekana: vidonge 1,200 katika mwezi wa siku 30, siku 10 bila dawa, ni 1,200 × 30 ÷ 20, yaani 1,800.

Vipimo navyo vikaguliwe. Kituo kikiripoti vidonge na bohari ikihesabu pakiti, lazima kuwe na mstari wa kubadilisha kipimo kwa kila bidhaa. Pakiti ya ALu, dawa ya malaria, yenye dozi 30 za vidonge 24 ni vidonge 720. Mstari huo ukikosekana, programu nyingine hukataa, nyingine huchukua 1 kimyakimya. Hizo za pili ndizo mbaya.

Mpango ukiwa mzima hadi Desemba kisha Januari ukasema hakuna chanzo cha ugavi, usiguse makadirio. Angalia mkataba wa msambazaji au orodha ya bei: mara nyingi tarehe ya mwisho imewekwa 31 Desemba. Ongeza kipindi kipya badala ya kufuta kile cha zamani, maana oda zilizopita bado zinakitegemea. Ukiwa humo, chuja wasambazaji wote ambao muda wa kufikisha mzigo ni tupu au 0. Kwa hao programu hudhani mzigo wa meli unaagizwa asubuhi na kupokelewa jioni.

Ukisharekebisha, endesha mpango kwa bidhaa moja na kituo kimoja kwanza, ulinganishe na hesabu ya mkono. Ikikubali, ndipo upakie zilizobaki.