Kaka yake ni Dieudonné: mdogo aitwe nani?

Jumamosi iliyopita mama mmoja kutoka Ndosho aliweka karatasi mezani pangu. Jina lilikuwa moja tu, kwa herufi kubwa: DEOGRATIAS. «Papa sekretere, huyu ndiye mdogo wake Dieudonné. Yanapatana, si ndiyo?»

Nikamwambia: mama, simama mlangoni, umwite mkubwa kama unavyomwita nyumbani. Akaita: «Dieudo!» Sasa mwite mdogo. Akaanza, «Deo…», akacheka mwenyewe.

Ni miaka 19 sasa naandika rejista ya ubatizo katika parokia moja hapa Goma, na kinachowasumbua wazazi zaidi ni jina la mtoto wa pili. Wa kwanza ana babu yake wa kumrithi, ana mtakatifu wa siku aliyozaliwa, ana nadhiri ya mama. Wa pili anakuta kiti kimekaliwa. Wazazi wanatafuta jina la zamani, lenye heshima, litakaloketi vizuri karibu na la mkubwa, na wengi wanakimbilia jina linalofanana kwa sauti. Hapo ndipo ninapobishana nao. Mimi nasema ndugu wafanane maana, sauti kila mtu na yake.

Chukua huyo Dieudonné. Ni Kifaransa: aliyetolewa na Mungu. Wagiriki walilisema hilo kwa Théodore, zawadi ya Mungu. Waebrania wana Nathanaël na Mathieu, maana ni ileile. Baba mwenye wavulana watatu anaweza kusema «zawadi» kwa lugha tatu, na jirani asijue mpaka aelezwe. Deogratias nalo si jina baya. Ni Kilatini, shukrani kwa Mungu, na ndugu yake wa kweli ni Dieumerci. Kwa hiyo aliyempa mkubwa jina la siku hizi kama Dieumerci, na sasa anataka la zamani kwa mdogo, asihangaike: Deogratias linamngoja. Merci na Deo hawagongani hata ukiwaita gizani.

Sauti lakini ina ujanja wake. Mwanzoni mwa kazi niliandika Augustin na Faustin wa mama mmoja, nikanyamaza, nikaona hata yanapendeza. Miaka ikapita, mama yao akaniambia: akiita «Tin!» aende kuchota maji, ama wanakuja wote wawili, ama haji hata mmoja, kila mmoja akidai aliyeitwa ni mwenzake. Tangu siku ile naangalia jina linakatikia wapi. Augustin, Faustin, Célestin na Justin nyumbani hukatwa kichwa, kinabaki kile kimkia. Floribert hukatwa mkia, anabaki Flori. Kwa hiyo Albert na Floribert wanaweza kuishi nyumba moja ingawa wanamalizikia pamoja.

Na hilo la Floribert wanaliomba sana siku hizi. Tarehe 15 Juni 2025 Floribert Bwana Chui alitangazwa mwenyeheri kule Roma, kijana wa hapahapa Goma, mkaguzi wa bidhaa, aliyeuawa 2007 kwa sababu alikataa rushwa ili chakula kilichoharibika kisipite. Kama mkubwa ni msichana anayeitwa Anuarite, mimi humpendekezea baba jina Isidore, kwa ajili ya Isidore Bakanja: wenyeheri wawili wa Kongo, dada na kaka mezani.

Kwa Wanande mambo ni mengine kidogo, na Goma imejaa Wanande. Kwao jina la kwanza halichaguliwi, linahesabiwa. Mvulana wa kwanza mara nyingi ni Paluku au Mumbere, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Baba anaweza kuwa Kasereka, mkubwa Paluku, mdogo Kambale: kwenye karatasi hakuna kinachoonyesha kuwa ni wa tumbo moja. Ulaya jina la ukoo linafanya kazi hiyo. Hapa kwetu kazi hiyo inabaki kwa jina la ubatizo, na wakati huohuo jina hilo ndilo linalomtenga Kambale wako na akina Kambale wengine wanne darasani. Ndiyo maana siwashauri wazazi kuchagua Emmanuel na Emile. Kwenye orodha ya shule mwalimu akifupisha, wote wanabaki E.

Mimi nilizaliwa 1974. Miaka miwili kabla, Mobutu aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko, na majina ya kikristo yakafukuzwa kwenye karatasi za serikali. Jina langu la ubatizo liliishi kanisani na jikoni kwa mama tu. Nadhani ndiyo sababu Gérard, Anselme na Boniface yananukia tumbaku ya babu: yaliruka kizazi kizima. Mimi nayapenda kwa harufu hiyohiyo. Gérard aliyezaliwa leo, mwenye kaka anayeitwa Anselme, hata kabla hajaota meno ana sura ya mtu wa kuaminiwa.

Ukikwama kabisa, angalia ndugu waliokwisha kuandikwa. Pierre na André. Jacques na Jean, wana wa Zebedayo. Cyrille na Méthode, sikukuu yao ni moja, tarehe 14 Februari. Gervais na Protais wanasubiri mzazi jasiri. Kaini na Abeli hajaniletea mtu bado.

Jina mkishalipata, andikeni herufi zilezile kanisani na serikalini, na serikalini msichelewe: mna siku 90 tangu mtoto azaliwe. Nimeona Théodore aliyegeuka Teodore, kisha Théodor, akiwa bado hajamaliza shule ya msingi.

Tukirudi kwa mama wa Ndosho, nilimpa Théodore nikijisifu. Akarudi mlangoni bila kuambiwa. «Dieudo! Théo!» Mtoto wake mkubwa, aliyekuwa anacheza uani, akageuka mara zote mbili. Mama akaniangalia tu. Nikafuta.

Tukabaki na Mathieu. Akajaribu tena, «Mati!», mtoto uani akaendelea na mpira wake. Nikauliza t ngapi, maana wengine huandika mbili. Akampigia simu baba watoto, akarudi na jibu: moja.