Unga, arosto na nyumba zetu: maswali ya wazazi na majibu yake

Maswali haya nimeulizwa na wazazi, hasa akina mama, kwenye vikao vya afya mitaani Dar es Salaam. Mara nyingi huja kikao kikishaisha. Mama ananivuta pembeni, anaanza na "kuna jirani yangu ana kijana…", na tukifika katikati ya maongezi jirani anageuka kuwa yeye mwenyewe.

Unga ni kitu gani hasa? Si sawa na bangi?

Si sawa. Unga ni heroini, na hutengenezwa kutokana na afyuni, yaani utomvu wa mmea uitwao mpopi. Ni ukoo mmoja na mofini na pethidini za hospitali, kodeini iliyomo kwenye baadhi ya dawa za kikohozi, na tramadoli inayouzwa kiholela kwenye baadhi ya maduka. Zote hukaa mahali pamoja kwenye ubongo, hupunguza maumivu, na zikizidi hupunguza pumzi. Bangi na mirungi vina madhara yake, lakini si vya ukoo huu.

Uliingiaje huku kwetu?

Kwa bahari. Kwa miaka mingi mpopi ulilimwa zaidi Afghanistan, na mzigo hupakiwa kwenye majahazi pwani ya Iran na Pakistan, ukavuka Bahari ya Hindi kuja upande wetu. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Sehemu kubwa ya mizigo hii huwa inapita tu kwenda Ulaya na kwingineko, lakini njia ikipita mlangoni kwako, kuna kinachomwagika. Zanzibar, Mombasa, Malindi na Dar es Salaam zimeanza kuuona unga tangu miaka ya 1980.

Hapo mwanzo ulikuwa wa kahawia. Watu waliuchoma juu ya karatasi ya foili wakavuta moshi, au waliuchanganya na bangi kwenye msokoto uitwao kokteli. Kuelekea mwaka 2000 ukaja mweupe. Tofauti yake inaonekana ndogo, ila mimi naiona ndiyo iliyotuumiza zaidi: ule mweupe huyeyuka kwenye maji kwa urahisi. Kwa hiyo watu wakaanza kujidunga, na sindano ikaanza kuzunguka maskani.

Jambo jingine ambalo wazazi hawalitarajii ni kwamba kete ya kwanza, yaani kipakiti kidogo cha unga, kijana hapewi na mtu baki. Anayempa ni rafiki yake, tena mara nyingi bure. Na anayetumia huuza kete chache ili apate yake, kwa hiyo kila anayenasa anatafuta mwingine.

Kwa nini asiache tu, kama kweli anatupenda?

Kwa sababu ya arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa unga. Saa chache baada ya kete ya mwisho mwili huanza kudai. Kijana hupiga miayo mfululizo, kamasi na machozi humtoka, vinyweleo humsimama, mifupa humuuma kama inavunjwa. Kisha hutapika na kuharisha. Siku ya pili na ya tatu huwa mbaya kuliko zote. Wengi hawatumii tena kwa raha yoyote, wanatumia ili waamke wasimame. Kumwambia mtu wa namna hiyo "jikaze" ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Madhara yake kwa jamii ni wizi tu?

Wizi ndio unaoonekana. Mama mmoja alinionyesha mtungi wake wa gesi uliofungwa kwa mnyororo kwenye mguu wa kitanda. Alikuwa ameshapoteza masufuria, kisha redio, kisha bati mbili za jikoni, na wote wawili, yeye na mwanawe, walijua nani kachukua. Hawakuwa wanasalimiana asubuhi.

Lakini kuna mengine. Zanzibar maambukizi ya VVU kwa watu wote ni chini ya asilimia 1, ila kwa wanaojidunga yamepimwa yakazidi asilimia 10. Kenya makadirio yalifika asilimia 18 hivi. Homa ya ini na kifua kikuu hufuata njia hizohizo. Wanawake huumia zaidi: hutumia sindano mwishoni baada ya wanaume, wengi huuza miili kupata kete, na wakienda kliniki hutazamwa kwa jicho baya. Na kuna vijana wanaopigwa na watu wenye hasira hadi kufa kwa kuiba ndala.

Nimfungie ndani, au nimpeleke kijijini kwa babu yake?

Naelewa kwa nini unafikiria hivyo. Ila tafadhali nisikilize hapa. Mwili uliokaa bila unga kwa wiki au miezi husahau uzoefu wake. Kijana akirudi mjini, au akitoka gerezani, akatumia kipimo kilekile alichozoea, kipimo hicho kinaweza kumuua siku hiyohiyo. Familia hupokea mtu aliyenenepa na kucheka, halafu wiki haijaisha wanamzika.

Methadoni si kubadilisha unga kwa unga?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, nami silichukulii kirahisi. Methadoni ni ya ukoo uleule, lakini hukaa mwilini siku nzima, haimleweshi anayeinywa kwa kipimo sahihi, na huzima arosto. Muhimbili ilianza kuitoa Februari 2011, na Kenya ikafuata Desemba 2014. Mtu hufika dirishani kila siku, hupimiwa dawa ya maji kwenye kikombe, huinywa mbele ya mhudumu na kuzungumza kidogo ili ionekane amemeza. Kisha huenda kazini. Wengine hupona kwa njia ya soba hausi, yaani nyumba wanamokaa wanaoacha unga, ambazo Zanzibar zimeendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Kurudia si ajabu. Akirudia, mrudishe kwenye tiba.

Nikimkuta haamki, nifanye nini?

Tazama pumzi. Zikiwa chache au za kukoroma, midomo imebadilika rangi na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, amezidisha. Mwite kwa nguvu, msugue katikati ya kifua kwa ngumi. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni. Akipumua, mlaze ubavu. Usimpe maziwa wala chumvi, usimmwagie maji. Mkimbize hospitali na useme wazi, "ametumia unga", bila kuona haya mbele ya majirani. Kuna sindano ya naloksoni inayomrudisha ndani ya dakika chache. Akishaamka atataka kuondoka. Mzuie, kwani naloksoni inaweza kuisha nguvu kabla ya unga kuisha mwilini.