Je, Wajua Kwa Nini Picha ya Thamani Hotelini Haitundikwi Juu ya Moto?

Mwenye picha na vinyago vya thamani angeweza kuvifungia kwake. Kwa nini basi baadhi ya wenye hoteli huvipanga mapokezi na kwenye korido, wageni wapite hapo na masanduku yao? Biashara imo: kitanda kizuri kinapatikana popote, ila mchoro wa mkono uko mmoja tu. Lakini wapo wanaotaka kazi za sanaa zionwe. Huko Louisville, Marekani, mume na mke wakusanyaji walifungua hoteli ya 21c mwaka 2006, na hata asiyelala hapo huingia kutazama bure. Hoteli ya La Colombe d'Or ya Saint-Paul-de-Vence, Ufaransa, ilipata picha zake kwa wachoraji waliolipia chakula na malazi kwa kazi zao. Iringa mjini, Neema Crafts, karakana ya mafundi wenye ulemavu iliyoanza 2003, ina mgahawa na nyumba ya wageni. Unalala jirani na kazi inapotengenezwa.

Kasheshe ni kuzitunza kazi hizi, hasa huku Nyanda za Juu Kusini.

Chukua kinyago cha mpingo kilichochongwa Dar es Salaam, kwenye hewa ya unyevu. Kikipandishwa Iringa, mita kama 1,600 juu ya usawa wa bahari, kikakuta kiangazi, mti wa nje hukauka na kusinyaa kabla ya kiini. Ndipo unapoona ufa mwembamba ukifuata nyuzi za mti, mara nyingi ukianzia kwenye kitako, maana ncha za gogo hupoteza maji upesi. Sasa fikiria kikiwekwa karibu na moto wa kuni unaowashwa sebuleni Juni na Julai! Picha iliyo juu ya moto huo nayo hupata joto kila jioni na kupoa usiku. Turubai hulegea na kukaza, rangi ikapasuka, na masizi yakatua juu yake.

Jua nalo ni kali zaidi milimani: miale inayochujua rangi huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Kikapu cha nyasi za milulu chenye nakshi za rangi kikikaa dirishani kitafifia upande mmoja. Majumba ya makumbusho huviwekea vitu vya aina hiyo mwanga wa luksi (kipimo cha mwanga) 50 hivi, hafifu kabisa.

Masika, ukuta wa nje hutota, na Tukuyu mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Fremu ibandikwe vipande vya mpira nyuma, hewa ipite, la sivyo kuvu itaota mahali ambapo hakuna anayeangalia.

Kwa maoni yangu, wa kwanza kufundishwa haya yote ni dada au kaka wa usafi, kwa kuwa ndiye anayezigusa kila siku. Vumbi liondolewe kwa brashi laini, kavu. Dawa ya vioo ipuliziwe kwenye kitambaa, si kwenye fremu, kwani huchuruzika hadi ukingoni na kulowesha karatasi.